Mtoto Kavuta kwa Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Rangi ya Macho

Nafundisha biolojia katika shule moja ya upili hapa Mombasa, na maswali haya siulizwi darasani tu. Naulizwa kwenye arobaini ya mtoto kule Kibokoni, naulizwa tukivuka feri ya Likoni, naulizwa barazani tukinywa kahawa chungu. Mtoto amefunuliwa kanga usoni, kafumbua macho, na macho yenyewe si ya babake wala si ya mamake. Kina mama wanatupiana jicho. Mzazi kitandani anaona yote hayo na hana la kusema.

Nimeyakusanya maswali kama nilivyoulizwa, na nimeyajibu kwa urefu pale ambapo nimeona watu wakiumia kwa kutojua.

Rangi ya jicho ni nini hasa?

Katikati ya jicho pana mboni, ule weusi wa duara. Mboni ni tundu tu la kupitishia mwanga. Kinachoizunguka, chenye rangi, ndicho irisi. Irisi ina tabaka mbili. Ya nyuma ni nyeusi kwa karibu kila mwanadamu, awe wa Mombasa au wa Norway. Ya mbele ndiyo inayotutofautisha, kwa kiasi cha melanini kilichomo. Melanini ni ile ile rangi inayotia weusi ngozi na nywele. Ikiwa nyingi, jicho huwa la kahawia iliyokoza. Ikipungua, jicho huwa la asali, kisha la kijani, kisha la buluu au kijivu.

Lakini macho yangu ni meusi, si kahawia.

Ndivyo tunavyosema sote, na hakuna ubaya. Ila chukua kioo, simama dirishani asubuhi jua likikupiga usoni, utazame. Utaiona kahawia, kama kahawa kavu iliyokaangwa sana.

Kwa hiyo mwenye macho ya buluu ana rangi ya buluu ndani ya jicho?

Hana hata chembe. Hili huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka, na mimi hulieleza kwa chetezo. Udi ukifukizwa, tazama moshi unavyopanda mbele ya mlango wa mbao nyeusi, mwanga ukiupiga kwa ubavuni. Moshi unaonekana wa buluu. Ukipita mbele ya ukuta mweupe, ubuluu unapotea. Moshi haukutiwa rangi: chembechembe zake ndogo mno zimeutawanya mwanga, na mwanga wa buluu hutawanyika kuliko mwekundu. Anga ni ya buluu kwa sababu inayofanana na hiyo.

Jicho la buluu ndivyo lilivyo. Tabaka la mbele halina melanini ya kutosha, kwa hiyo linautawanya mwanga kama moshi, na tabaka la nyuma ndio ule mlango mweusi. Jicho la kijani ni hali hiyo hiyo, ila pana melanini kidogo yenye umanjano iliyochanganyika na ubuluu huo.

Shuleni tulifundishwa kahawia hushinda buluu, basi. Si kweli?

Ni kweli nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo imewatia watu wengi matatani.

Mambo ya urithi yalianza kueleweka kwa Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Aliona kuwa kila mmea hubeba nakala mbili za kila sifa, moja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba nakala moja huonekana huku ya pili imejificha, ikingoja kizazi kijacho. Miaka 40 hivi baadaye watu wakaanza kuitumia kanuni hiyo kwa binadamu. Mwaka 1907, Gertrude na Charles Davenport huko Marekani waliandika kuwa rangi ya macho hurithiwa kwa njia hiyo hiyo nyepesi: kahawia ina nguvu, buluu imejificha. Likaingia vitabuni, likakaa humo miaka na miaka, na bado liko kwenye vichwa vya watu wazima wengi waliosoma jeni, yaani vile vipande vya urithi tunavyopewa na wazazi, kidato cha nne.

Kwa sheria hiyo, wazazi wawili wa macho ya buluu hawawezi kabisa kuzaa mtoto wa macho ya kahawia. Lakini huzaa. Si jambo la kila siku, ila hutokea, na ndoa halali hulaumiwa bure. Sababu ni kwamba rangi ya macho haiendeshwi na jeni moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliopima karibu watu 193,000 wenye asili ya Ulaya, ulipata sehemu 61 za DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, zinazohusika, na 50 kati yake zilikuwa hazijajulikana. Huo ni wa Ulaya tu. Sisi wa Afrika bado hatujapimwa kwa wingi namna hiyo.

Basi ni jeni zipi zenye uzito?

Mbili, na zimepakana kwenye kromosomu ya 15. (Kromosomu ni uzi wa DNA unaobeba jeni nyingi.) Moja huitwa OCA2, nyingine HERC2.

Fikiria mfereji wa maji nyumbani. OCA2 ndiyo bomba linaloleta maji, yaani linalosaidia seli kutengeneza melanini. Ndani ya HERC2 pana kipande kidogo kinachofanya kazi ya koki: hufungua OCA2 sana au kidogo. Kwa wengi wetu koki imefunguliwa hadi mwisho. Kuna badiliko la herufi moja tu ya DNA kwenye hiyo koki ambalo huipunguza. Mtu akilirithi kutoka kwa baba na kwa mama pia, maji yanayofika kwenye irisi huwa ya kudondoka, na macho huwa mepesi.

Mwaka 2008, Hans Eiberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walionyesha kuwa watu wenye macho ya buluu wana badiliko hilo hilo moja. Walikadiria lilitokea miaka 6,000 hadi 10,000 iliyopita. Yaani watu hao, kwa sehemu kubwa, wana babu mmoja.

Jeni nyingine zilizobaki huongeza na kupunguza kidogo kidogo. Ndizo zinazofanya ndugu wawili wa tumbo moja, wote wa kahawia, mmoja awe kama ukwaju na mwingine kama asali ya nyuki wadogo.

Sisi wote wawili macho yetu ni meusi, na kwetu pia na kwao pia. Mtoto ametoka na macho ya paka. Imewezekanaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huulizwa kwa sauti ya chini.

Chukua mifuko miwili, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Kila mmoja una shanga mbili, moja nyeusi na moja nyeupe. Ukiwatazama wazazi huoni ila weusi, kwa sababu shanga nyeusi moja yatosha kulitia jicho giza. Mtoto anapotungwa huchukua shanga moja kutoka kila mfuko, bila kuchungulia. Mara tatu kwa nne atapata walau nyeusi moja. Mara moja kwa nne atatoka na nyeupe mbili. Na kila mimba ni kuchota upya: hata kama wa kwanza ametoka na macho mepesi, wa pili naye ana bahati ile ile ya moja kwa nne. Hakuna hesabu ya kusema "zamu imekwisha". (Huu ni mfano wa koki peke yake. Zile jeni nyingine huweza kuyavuta macho upande huu au ule.)

Watu huniuliza, hizo shanga nyeupe zimefikaje kwetu? Hapa naomba tukumbuke tunakaa wapi. Mombasa ni mji wa bandari. Mababu zetu ni Wamijikenda na Wabantu wengine wa pwani, na ni Wahadhrami waliokuja na pepo za kaskazi, na Waomani, na Mabalushi waliokuja na majeshi, na Wahindi wa dukani. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA iliyotolewa kwenye mifupa ya watu 80 wa miji ya kale ya Waswahili, na Mtwapa yetu hapa jirani ilikuwamo. Wengi wao walikuwa wamezaliwa na damu mbili: ya Kiafrika, iliyoingia hasa kwa upande wa wanawake, na ya Asia, hasa ya Uajemi, iliyoingia hasa kwa wanaume. Mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Ile hadithi ya wazee kuhusu Washirazi, ambayo baadhi ya wasomi waliiona ya kujipamba tu, ikapata ushahidi ndani ya mifupa. Baadaye, kuanzia kiasi cha mwaka 1500, damu iliyoongezeka kutoka ng'ambo ikawa zaidi ya Arabuni.

Nakala ya koki iliyopunguzwa ipo Ulaya kwa wingi, na ipo pia Uajemi, Bara Arabu na Asia ya kusini, ingawa kwa uchache. Ikishaingia katika ukoo, yaweza kukaa kimya vizazi vingi, ikipita kutoka kwa mama mwenye macho meusi hadi kwa mwana mwenye macho meusi. Haizeeki wala haichujuki. Siku inapokutana na mwenzake ndipo inapojionyesha, na mara nyingi hakuna aliye hai anayemkumbuka aliyeileta.

Kwa hiyo rangi ya macho haiwezi kuonyesha kuwa mwanamke ametoka nje?

Haiwezi. Nalisema bila kumung'unya maneno.

Dada yangu alijifungua mtoto wa kike mwenye macho ya kijani hafifu, kama maji ya dafu yaliyochanganywa na nyama yake laini. Macho ya mumewe ni meusi, na yetu sisi ni meusi. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Lakini mavyaa alikuja kumtazama mtoto akakaa kidogo kuliko ilivyo desturi, wifi wakaacha kupiga simu, na hata sadaka ya akika ilichelewa. Dada yangu alinyonyesha miezi mitatu akilia. Mimi nilikuwa nafundisha jeni wakati huo huo, nikijua jibu, na nilichelewa kulisema kwa kuona haya. Hilo bado linaniuma.

Kwa wale ambao sayansi peke yake haiwatoshi, kuna mafunzo ambayo wengi tumeyasikia tangu madrasani. Bedui mmoja alimjia Mtume, rehma na amani zimshukie, akisema mkewe amezaa mtoto mweusi, na maneno yake yalikuwa na shaka ndani yake. Mtume akamuuliza kama ana ngamia. Akasema anao. Wa rangi gani? Wekundu. Hakuna hata mmoja wa kijivujivu kati yao? Akasema wapo. Basi hao wameipata wapi rangi hiyo? Bedui akajibu, huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Akaambiwa, basi huenda na mwanao ni mshipa uliomvuta.

Na sisi lugha yetu yasema vivyo hivyo. Hatusemi mtoto kanakiliwa. Twasema kavuta: kavuta kwa babu yake, kavuta kwa kina mamake.

Na kipimo cha DNA? Hakitazami rangi ya macho?

Hapana. Kipimo cha ubaba hulinganisha sehemu fupi za DNA zipatazo 15 au zaidi, ambazo nyingi hazina kazi yoyote ya kuonekana mwilini. Katika kila sehemu, mtoto lazima awe na nusu moja iliyotoka kwa mama na nusu moja iliyotoka kwa baba. Sampuli yaweza kuwa mate ya ndani ya shavu, hakuna haja ya sindano. Wenye shaka ya kweli wapime kwa heshima, wote wawili wakijua. Ila kumtazama mtoto machoni na kukata hukumu, hicho si kipimo.

Mtoto huchukua macho ya baba zaidi, au ya mama?

Sawasawa. Kromosomu ya 15 huja moja kutoka kwa kila mzazi, na mtoto wa kiume na wa kike hurithi kwa namna moja. Watu huchanganya hili na upofu wa rangi, yaani kutotofautisha nyekundu na kijani. Ule upofu wa rangi jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo mvulana huupata kutoka kwa mama. Ni mambo mawili tofauti.

Tunaoana mwezi ujao. Twaweza kujua watoto watakuwa na macho gani?

Ikiwa koo zote mbili ni za macho meusi tangu na tangu, yaelekea watoto watakuwa hivyo. Zaidi ya hapo ni kubahatisha. Wachunguzi wa jinai wana kipimo kiitwacho IrisPlex, kinachosoma sehemu 6 za DNA ili kukisia rangi ya macho ya mtu asiyejulikana. Kwa buluu na kwa kahawia hukisia vizuri. Kwa asali na kijani hukosea mara nyingi. Ikiwa maabara zinahangaika na mtu ambaye DNA yake iko mezani, yale makisio ya kwenye simu kuhusu mtoto ambaye hajatungwa ni mchezo tu.

Mtoto amezaliwa na macho ya kijivu. Atabaki hivyo?

Pengine sivyo. Seli za irisi huendelea kutengeneza melanini baada ya kuzaliwa. Watoto wetu wengi huzaliwa na macho tayari ya kahawia au ya kijivu cha giza, na hukoza katika mwaka wa kwanza. Kwa wengine mabadiliko huendelea hadi mwaka wa tatu. Kwa hiyo maneno ya siku ya arobaini ni ya mapema mno kwa upande wowote ule.

Mtoto ana jicho moja kahawia na jingine buluu. Watu wanasema mambo ya majini.

Watu husema. Mara nyingi ni hali ya kuzaliwa isiyo na madhara: seli za melanini hazikufika sawasawa kwenye macho yote mawili wakati mtoto anajengeka tumboni.

Lakini hapa kuna jambo moja ambalo kila mzazi, mkunga na mwalimu wa madrasa alijue. Iwapo mtoto wa Kiafrika ana macho ya buluu yanayong'aa sana, yote mawili au moja, na hasa ikiwa ana shungi la nywele nyeupe mbele ya kichwa, huenda ana hali iitwayo Waardenburg. Jina ni la daktari wa macho wa Uholanzi aliyeieleza mwaka 1951. Hurithiwa kwa nguvu: mzazi mwenye nayo huweza kumpa mtoto kwa bahati ya moja kwa mbili, ingawa wakati mwingine huanza upya katika ukoo. Macho yenyewe huona vizuri. Shida iko masikioni. Baadhi ya watoto hawa huzaliwa viziwi, na kwa sababu kila mtu ameduwaa kwa uzuri wa macho, hakuna anayegundua kuwa mtoto hageuki akiitwa.

Mpeleke akapimwe masikio mapema, katika miezi ya mwanzo ukiweza. Mtoto kiziwi anayeanza lugha ya ishara au kuwekewa kifaa cha kusikia akiwa mdogo hukua na lugha. Anayegunduliwa akiwa na miaka mitano amepoteza miaka isiyorudi.

Je, watoto wenye ualbino macho yao ni mekundu?

Sivyo. Macho yao huwa ya buluu, kijivu, asali, hata kahawia. Wekundu unaoonekana wakati mwingine ni mwanga unaoakisi mishipa ya damu ya nyuma ya jicho, kwa kuwa tabaka zote za irisi zina melanini haba.

Turudi kwenye mfereji wetu. Katika Afrika kusini mwa Sahara, aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi hutokana na jeni ile ile ya OCA2. Tofauti ni hii: kwenye macho ya buluu koki imepunguzwa, na ngozi na nywele huendelea kupata rangi kwa njia zake. Kwenye ualbino bomba lenyewe limekatika, na melanini hukosekana kwenye ngozi, nywele na macho pamoja. Huhitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wawili huwa weusi kama watu wengine, hawajui wanaibeba, na kila mtoto ana bahati ya moja kwa nne. Mama pekee hawezi kulaumiwa. Kihesabu, baba ameleta nusu yake.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Macho yao huhitaji kuangaliwa mapema: huchezacheza, huumizwa na mwanga, na hayaoni mbali. Mtoto akae mbele darasani, avae kofia pana na miwani ya jua, na apakwe losheni ya kuzuia jua. Jua letu la Januari halina huruma. Losheni hiyo hutolewa bure kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa hiyo ulizia namna ya kujiandikisha kabla ya kutoa pesa dukani.

Kuoana binamu kuna athari kwa haya?

Kuna. Binamu wa kwanza hushiriki kwa wastani sehemu moja kwa nane ya jeni zao, kwa sababu babu na nyanya ni wale wale. Shanga nyeupe ya nyanya yaweza kufika kwa wote wawili, na ikakutana. Kwa macho ya asali hilo halina neno. Kwa ualbino, na kwa magonjwa mengine ya damu na mwili yanayorithiwa kwa kujificha, ni jambo la kufikiria. Ndoa hizi ni halali na zimejenga koo nyingi hapa pwani, wala siwakatazi watu. Nawaomba tu wakae na wazee waulize: kuna mtoto aliyezaliwa na hali fulani, akafichwa? Swali hilo liulizwe kabla ya posa.

Nilipokuwa na mimba nilimchukia jirani mmoja mwenye macho mepesi. Mtoto kamfanana. Ni sababu hiyo?

La. Rangi huamuliwa siku mimba inapotungwa. Chuki, hamu ya udongo, kutazama picha, kula samaki wa aina fulani, havifiki kwenye DNA ya mtoto.

Wanja hukoza macho ya mtoto?

Hukoza kope kwa nje, irisi haiguswi. Na kwa mtoto mchanga naomba usipake kabisa. Wanja wa asili, hasa ule wa mawe unaosagwa, mara nyingi huwa na risasi, ile madini, na risasi huingia mwilini na kuharibu ubongo wa mtoto. Najua nyanya zetu walitupaka sote, kwa mapenzi na kwa kutukinga na kijicho. Hawakuwa na namna ya kujua.

Nyanya ameanza kupata macho ya buluu uzeeni.

Mtazame vizuri. Kama ni pete ya kijivu au buluu pembeni mwa irisi, hayo ni mafuta yanayojikusanya kwenye kioo cha jicho kwa umri. Hayamdhuru. (Mtu wa chini ya miaka 40 akiwa nayo, apime kolesteroli.) Kama ukungu uko katikati, ndani ya mboni, huo ni mtoto wa jicho, na hutibiwa kwa upasuaji mfupi. Msimwache apapase ukuta akidhani ni uzee tu.

Kuna pia dawa za matone za presha ya macho, kama latanoprost, ambazo huweza kuikoza irisi taratibu, na rangi hiyo hairudi. Daktari humweleza mgonjwa kabla ya kuanza.

Kwenye picha, jicho moja la mtoto linang'aa jeupe.

Acha kusoma, mpeleke hospitali yenye daktari wa macho wiki hii. Hili si suala la rangi ya irisi. Mboni inayong'aa nyeupe mwanga ukiipiga, au kama jicho la paka usiku, yaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, au saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata watoto, wengi wao chini ya miaka mitano. Ikiwahiwa, maisha huokolewa, na mara nyingi jicho pia. Nayo huweza kurithiwa, kwa hiyo wadogo zake na wakubwa zake nao watazamwe.

Lenzi za rangi zinazouzwa madukani?

Bila kupimwa na mtaalamu, usivae. Wasichana huazimana siku ya harusi, mmoja anavua mwingine anavaa, na vijidudu vinahama nazo. Kidonda kwenye kioo cha jicho huweza kuacha kovu la maisha.

Nitajuaje mwanangu kavuta kwa nani?

Waulize wazee, na uulize mapema. Picha za zamani hazitakusaidia sana, kwa kuwa ni nyeusi na nyeupe. Usimuulize mzee, "Kuna aliyekuwa na macho ya kijani?" Atasema hapana. Muulize kuna nani aliyekuwa na jina la utani, nani aliyeogopwa na watoto, nani aliyesifiwa kwenye nyimbo za harusi. Ulizia pande zote mbili. Koki inahitaji nakala mbili, kwa hiyo usiridhike ukimpata mmoja tu.

Kwa mpwa wangu, ilikuwa shangazi mkubwa wa shemeji yangu, bibi wa miaka 80 na zaidi, aliyeletwa kutoka Lamu kwa matibabu. Alimpakata mtoto, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Huyu ni Paka wa Maji." Ndilo jina walilomwita nyanya yake yeye, mamake babake, kwa sababu ya macho. Nyanya huyo alikufa kabla ya feri ya Likoni kuanza. Mavyaa alikuwa amekaa pale pale mkekani. Upande wetu sisi bado tunatafuta.